Kwa wanaoanza fiziotherapia: fashia haivunjwi kwa kiwiko

Chumba cha anatomia hutufundisha kuidharau fashia, utando mweupe wa mwilini. Tunaikata na kuitupa kando ili misuli ionekane. Ukipata nafasi, ifuate kwanza kabla hujaikata. Utando huo hufunika kila msuli na kusindikiza mishipa ya damu na neva. Tabaka zake huteleza kwa msaada wa majimaji yenye hailuronani, kilainishi cha asili cha mwili, na zina ncha nyingi za neva, kwa hiyo mgonjwa anayelalamika hapo msimdhanie anatia chumvi.

Ikijeruhiwa, siku chache za mwanzo ni za uvimbe na joto. Kisha fibroblasti, seli zinazojenga tishu, hutengeneza kolajeni (protini ya nyuzi) ya aina ya III, nyembamba na isiyo na mpangilio. Polepole hiyo hupisha kolajeni ya aina ya I, iliyo imara, na ukarabati huo unaweza kuendelea hata mwaka au zaidi. Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Maumivu hutulia mapema, uimara huchelewa, na mgonjwa anayejisikia vizuri wiki ya 4 anaruhusiwa kukimbia kana kwamba kazi imekwisha. Nyuzi hujipanga kufuata mvuto zinaoupata, hivyo mpeni mzigo mdogo mapema, muuongeze hatua kwa hatua. Kumlaza tu ni kumtakia kovu lililogandana na tabaka jirani.

Mfano mzuri ni maumivu ya kisigino yatokanayo na fashia ya unyayo, yale yanayochoma kwenye hatua za kwanza za asubuhi. Yakishakuwa ya muda mrefu, tishu huonyesha kolajeni iliyochakaa kuliko uvimbe. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliwapa wagonjwa zoezi la kunyanyua kisigino taratibu, vidole vikiwa juu ya taulo lililokunjwa, siku moja wakifanya na inayofuata wakipumzika. Baada ya miezi 3 walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha tu unyayo; kufikia mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Mwambieni mgonjwa ukweli huo wote. Subira nayo ni sehemu ya tiba.

Na mikono yetu? Masaji hutuliza, nami naitumia. Lakini hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kuwa kubadili umbo la fashia ya unyayo au ya paja hata kwa asilimia 1 kunahitaji nguvu kubwa kupita kiasi. Nafuu ile huenda inatoka zaidi kwenye mfumo wa neva. Basi msimkandamize mgonjwa kwa kiwiko hadi michubuko, mkidai mnavunja tabaka zilizogandana.

Kuna hali moja isiyosubiri zoezi wala masaji. Mguu uliovunjika au kupondeka ukivimba, fashia haitanuki, na shinikizo hubana damu isifike kwenye misuli. Maumivu yakizidi jeraha lenyewe, yakipanda unapomkunja vidole, mpelekeni kwa daktari wa upasuaji saa hiyohiyo, hata kama mapigo ya damu mguuni bado yanasikika.