Simetri: acha kuhesabu kwa macho, kunja na zungusha

Muulize mwanafunzi mstatili una mistari mingapi ya simetri, na mara nyingi atajibu minne. Ameona mstari wa kona kwa kona unatoa vipande viwili sawa, basi kwake kazi imekwisha.

Mpe karatasi ya A4 aikunje kona kwa kona. Kona mbili zilizobaki hazitakutana. Zitaachana kama sentimita 12. Vipande vinalingana kweli, ila kimoja ni mwenzake aliyezungushwa, si taswira yake ya kwenye kioo. Mstari wa simetri unadai kila nukta iwe na pacha wake ng'ambo, kwa umbali uleule, wakitazamana kwa nyuzi 90 juu ya mstari. Mstatili unayo 2 tu, inayopita katikati ya pande. Msambamba wa kawaida, yaani umbo la pande nne zilizoinama, zinazotazamana zikiwa sambamba, hauna hata mmoja, na hapo darasa zima hubisha.

Wacha wabishe, kisha leta pini. Kata msambamba kwenye boksi gumu, uchore mipaka yake daftarini, uchome pini pale mistari ya kona kwa kona inapokatana. Tia alama kwenye kona moja, la sivyo hesabu itapotea. Zungusha polepole: kwa nyuzi 180 umbo linakaa kwenye mipaka yake, kwa 360 linakaa tena. Hiyo ni simetri ya mzunguko, mara 2. Pini ikikosea katikati hata milimita 3, umbo halikai, na mtoto ataondoka akiamini simetri haipo.

Iringa kifaa kizuri zaidi kipo sokoni: kikapu cha milulu, nyasi za kusukia. Kipindue utazame kitako. Pambo likijirudia mara 8 kuzunguka kitovu, 360 gawanya kwa 8, linajirudia kila nyuzi 45. Sasa simamisha kioo kidogo juu ya kitovu. Mapambo yaliyonyooka yatalingana na yale yaliyofichwa nyuma ya kioo. Yanayopinda kulia, kioo kitayapindisha kushoto: mzunguko upo, mstari haupo. Ubaoni jambo hili huchukua kipindi kizima.

Maumbo yenye pande na pembe sawa ni mepesi, idadi ya mistari ni idadi ya pande. Kosa liko kwenye pembesita, wengi huhesabu 3 wakaishia hapo. Wape kalamu mbili: nyekundu kwa mistari 3 ya kona hadi kona, bluu kwa 3 ya katikati ya upande hadi katikati ya upande.