Laki tano ya mitumba na foreksi

Mdogo wangu, umesema una laki tano ya mitumba pale Memorial, Moshi, na rafiki anataka uiingize yote kwenye foreksi, yaani biashara ya kununua na kuuza sarafu mtandaoni. Kama hiyo ndiyo hela ya belo lijalo, usiiguse.

Kama ni ya ziada, tuseme umeweka dola 200. Kila ukiingia sokoni hatarisha asilimia 1 tu, yaani dola 2. Kwenye euro kwa dola, loti (ukubwa wa biashara yako) ya 0.01 ni senti 10 kwa kila pipsi, yaani kila hatua ya 0.0001 ya bei, kwa hiyo stopu losi, agizo linalofunga biashara yenyewe bei ikikugeuka, inakaa pipsi 20 kutoka bei uliyoingilia. Ukipandisha loti iwe 0.1 kwa umbali uleule, unapoteza dola 20. Mara tano tu, nusu ya akaunti imekwenda, na kupigwa mara tano mfululizo ni kawaida kabisa. Usiisogeze stopu bei ikikaribia. Hapo ndipo wengi huchoma akaunti.

Mkopo wa broka (kampuni inayokuingiza sokoni) wa 1:500, yaani dola yako 1 inashika biashara ya dola 500, usikutamanishe. Ulaya, tangu 2018, mteja wa kawaida mwisho wake ni 1:30 kwa sarafu kubwa. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka, mara nyingi Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kaa pembeni: bei huweza kuiruka stopu yako.

Huyo rafiki akiomba nywila ili "akutredie", mnyime. Anza na demo, akaunti ya mazoezi yenye hela za kuigiza.