Kabla hujang'oa mahindi ili upande mbono kaburi

Nilipokuwa bwana shamba huko Arumeru, Arusha, miaka ya 2005 hadi 2010, wageni hawakuisha kuja na habari ya mbono kaburi (jatropha), mti wenye mbegu za mafuta. Eti hauhitaji maji, unaota hata kwenye changarawe, na mafuta yake yanaendesha injini ya dizeli. La kuota ni kweli. Wazee waliupanda makaburini na kwenye wigo kwa kuwa haufi ovyo na mbuzi haugusi. Ila kuota si kuzaa. Ukitaka mavuno ya maana, nao unadai udongo na mvua ile ile ya mahindi.

Wengi wakibishana juu ya nishati na chakula huhesabu ekari. Mimi nasema hesabu mikono kwanza. Mbono hauivi kwa mkupuo. Unachuma leo, unarudi tena wiki ijayo, kisha unamenya na kuanika. Kwa mashine ndogo ya kukamua, lita moja ya mafuta hula kilo 4 au 5 za mbegu. Aliye kwenye mbono hayupo kwenye palizi, na magugu hayamngoji mtu. Alizeti angalau hukuachia mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, ya kulisha ng'ombe na kuku. Mashudu ya mbono ni sumu. Basi upande mpakani, uwe wigo, uishie hapo.

Mwekezaji akija kuomba ardhi, msimame kwenye mkutano mkuu wa kijiji mmuulize: ukiondoka, shamba linarudije? Mtake jibu la maandishi. Ardhi ya kijiji ikishahamishiwa kwenye ardhi ya jumla, ile isiyo tena chini ya kijiji bali ya serikali kuu, hairudi yenyewe hata kampuni ikifilisika. Kisarawe, mkoa wa Pwani, wanalijua hilo tangu shamba kubwa la mbono lilipokwama mwaka 2011.

Nishati ianzie kwenye kinachotupwa. Jani la mkonge hutoa nyuzi kama asilimia 4 tu. Kule Hale, Tanga, mabaki yake yamezalisha biogesi, gesi itokanayo na mabaki yakioza bila hewa, na umeme bila kugusa shamba la mtu. Nyumbani ni samadi. Ng'ombe wawili wa kufugia bandani, ndoo ya samadi kwa ndoo ya maji ndani ya mtambo wa biogesi, moto wa jikoni unapatikana, na tope linalotoka linakwenda kwenye migomba. Kama maji unayafuata kwa punda, jenga kwanza tangi la maji ya mvua.