Ninunue PC ya gemu iliyofungwa tayari au niifunge mwenyewe?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Tabata, nimedunduliza milioni moja na laki tano nataka PC ya gemu, nacheza sana GTA V na Valorant, na mpira pia. Kuna duka Kariakoo wana mashine iko tayari, wameandika "Core i7, RAM 16, grafiksi 4GB", mataa kibao ndani, wanataka 1,400,000. Rafiki yangu anasema nisithubutu, ninunue kifaa kimoja kimoja nifunge mwenyewe, ila sijawahi hata kufungua kava la kompyuta naogopa nitaunguza kitu. Nifanyeje?
– M., Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kudunduliza, hela hiyo najua haikuja kirahisi ndo maana nataka tuende taratibu.

Tuanze na hilo tangazo maana ndo hatari yenyewe. "Core i7" ni jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na ikiwa peke yake haijakwambia kitu chochote. Kuna i7-2600 ya mwaka 2011 na bado zinauzwa mpaka leo kwenye kava jipya lenye taa, halafu kuna i3-12100 ya 2022, zote zina core 4 (viini vya kufanya kazi) na thread 8 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja) lakini hiyo i3 inaiacha i7 mbali sana, sasa mtu akisikia i7 anadhani kapata mali. Mwambie muuzaji akutajie namba nzima, sio i7 tu, maana mwanzo wa namba baada ya kistari ndo unaonyesha kizazi: i7-2600 ni cha 2, i3-12100 ni cha 12. Hiyo namba ina maana kwako wewe hasa kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), na hata fundi akikulazimishia Windows 11 kwenye mashine ya zamani, Valorant yenyewe ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inawaka). Kwa hiyo unaweza ukalipa milioni na ushee halafu gemu unalolipenda likagoma kufunguka.

Na "grafiksi 4GB" vilevile. Kadi ya grafiksi ya GT 730 ya 2014 ipo ya 4GB, GTX 1650 ya 2019 nayo ni 4GB, ila hizo mbili haziwezi hata kukaa meza moja. Tena kuna kadi feki, kadi kuukuu imebadilishwa programu yake ya ndani ikajiita GTX 1050 Ti. Nenda na flashi yenye programu ya GPU-Z, ni ya bure, iwashe hapohapo dukani, kadi nyingi za namna hiyo inazitambua na inakuandikia neno FAKE mbele ya jina.

Sasa nikujibu. Mimi kwa hela yako nasema funga mwenyewe, na sababu yangu kubwa ni pawa saplai. Miaka ya nyuma nilinunua mashine iliyofungwa tayari, duka sitalitaja, ndani walikuwa wameweka prosesa nzuri na kadi nzuri halafu pawa saplai ya bei ya chini kabisa isiyo hata na jina la kueleweka, siku moja umeme umekatika ukarudi kwa kishindo, nikasikia paa, na haikufa peke yake, ikaondoka na maza bodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote. Niliumia mpaka leo nikikumbuka. Ukifunga mwenyewe hicho kifaa unakichagua wewe, chukua yenye jina na yenye alama ya 80 Plus (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), wati 500 au 550 zinakutosha, ukiweza ongeza na UPS, ile betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika.

Hela ikiwa haitoshi kila kitu, fanya kama watu wanavyojenga nyumba, unahamia kwanza, sitting room unamalizia baadae. Tafuta prosesa ya Ryzen 5 5600G, ile yenye G mwishoni, ina grafiksi yake ndani (5600 isiyo na G haina, usije ukachanganya ukabaki na skrini nyeusi). Weka maza bodi ya B550, SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), na RAM vipande viwili vya 8GB, usichukue kimoja cha 16, hiyo grafiksi ya ndani inakula RAM kwa hiyo vikiwa viwili unaona tofauti kabisa. GTA V na Valorant zinacheza ukishusha seting kidogo, kadi utaongeza ukipata hela nyingine. RAM ndo itakuuma, imepanda bei sana tangu mwishoni mwa 2025 kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya AI, kwa hiyo ukiona ya mtumba nzima, imejaribiwa mbele yako, chukua.

Na ukipiga hesabu ukaona bado haifiki, kuna mashine za ofisi za mtumba za kizazi cha 8 au cha 9, hizo nazikubali. Ila chukua ile ndefu ya tower, ile nyembamba inataka kadi za kimo kifupi (low profile) tu na ni shida kuzipata, na kadi utakayoweka iwe isiyozidi wati 75 inayokula umeme kutoka kwenye maza bodi, GTX 1650 zipo za hivyo, maana pawa saplai za mashine hizo mara nyingi ni za umbo lao na hazina waya wa kadi kubwa.

Kuhusu woga wa kuunguza, bisibisi ya nyota moja inatosha. Chomoa waya ukutani, shika chuma cha kava kabla hujagusa kitu, prosesa ikae yenyewe kwa kufuata kile kipembetatu pembeni, usiikandamize. Feni ndo inataka nguvu kidogo. Mara ya kwanza itakuchukua nusu siku, usifanye usiku ukiwa umechoka.

Kabla hujalipa popote niandikie list nzima ya vifaa na namba zake, niangalie kama vinaelewana.