Barua kwa mwanangu: Moreland na mlinzi wa maegesho

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mwenyewe, nikamsomea mama yako, kisha nikausoma tena peke yangu barazani. Unauliza jambo moja tu. Hao watu wa Los Angeles wamekupa nafasi kwenye tamthilia yao ya kuchekesha: mlinzi wa maegesho ya magari, Mwafrika mwenye lafudhi nzito, kila anachoambiwa anakielewa kombo. Na si mara ya kwanza kukupa mtu wa namna hiyo. Ukubali au ukatae?

Nimekaa kutafuta jibu, likanijia la yule Mantan Moreland wako, mchekeshaji mweusi wa sinema za zamani za Marekani.

Utakumbuka ile likizo uliyotuwekea kwenye kompyuta filamu ya 1941, King of the Zombies, ili utuonyeshe jinsi Hollywood ilivyowadhalilisha watu weusi. Moreland ni mtumishi wa mzungu. Ndege yao imeanguka kisiwani, anatoa macho, anatetemeka, mwishowe anaaminishwa kwamba yeye naye ni mfu, anakwenda kujipanga kwenye mstari na wafu wenziwe. Mimi nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Wewe ukanikunjia uso, hukunisemesha mpaka chakula cha usiku. Mama yako ndiye aliyetupatanisha.

Sasa nikuambie nilichokuwa nacheka. Sikumcheka mtu mweusi mwoga. Waoga nimewaona wengi, hawachekeshi. Wale wazungu alioanguka nao wanasema maneno yao, wanamaliza, basi. Yeye anachelewa kidogo, robo ya pumzi, ndipo anageuka. Iondoe hiyo robo ya pumzi uone kama kuna mtu atacheka. Kuchekesha ni hesabu. Nimekuimbia hilo tangu hujaota meno ya pili na nitakuimbia tena: kuchekesha ni hesabu, si sura.

Ushahidi umo kwenye kipande kingine ulichonitumia wewe mwenyewe, cha filamu za mpelelezi Charlie Chan, ile ya 1945, The Scarlet Clue. Moreland anakutana na rafiki yake, Ben Carter, wanaanza kuzungumza, na hakuna sentensi inayofika mwisho. Huyu anaanza kuuliza habari za mtu, mwenziwe anamkata kabla jina halijatoka, anajibu. Wa kwanza naye analikata jibu, anashangaa, anauliza jingine. Wao wanaelewana vizuri kabisa, watazamaji ndio tumebaki nje. Mchezo ule hawakuutunga wazungu wa studio. Ulitoka kwenye majukwaa ya watu weusi, kwa Flournoy Miller na Aubrey Lyles, na Moreland aliucheza na Miller mwenyewe kabla ya Carter. Unaona? Katikati ya filamu ambayo kazi yake ni kuogopa vivuli, kijana wa Monroe, Louisiana, kaingiza mali ya kwao kwa mlango wa nyuma, na wakamlipa.

Lakini ngoja. Najua utakachosema, na nusu yangu inasema hivyohivyo. Nikiisifu hesabu, lazima niulize hesabu hiyo ilimfaidisha nani. Studio yenyewe, Monogram, ilikuwa ndogo, ya filamu za harakaharaka na za bei rahisi. Chan ni Mchina, lakini aliyemcheza ni mzungu Sidney Toler, na alipofariki akaletwa mzungu mwingine, Roland Winters. Wachina wenyewe waliachiwa kucheza watoto wake. Mtu mweusi akaachiwa usukani na woga. Moreland akawa Birmingham Brown, dereva wa Chan, zaidi ya filamu 10, kuanzia 1944 mpaka 1949, na kila filamu anashtukia mlango uliofunguka wenyewe kana kwamba hajawahi kuuona mlango. Mtu anayejua kazi vile! Hapo hata mimi nakunja uso, usidhani ni wewe tu.

Na wapo waliokunja uso wakati uleule. Mwaka 1942 Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, alikwenda Hollywood kuzungumza na wakubwa wa studio, akataka watu weusi waache kuonyeshwa kama vijakazi na wajinga wa kuchekwa. Alikuwa na haki, silibishi hilo. Ila waigizaji wenyewe, Hattie McDaniel na wenzake, walikasirika, kwa sababu mazungumzo yalihusu mkate wao na wao hawakuwemo chumbani. Nafasi za uyaya na udereva zikaanza kupungua kweli. Je, mahali pake zikaja nyingine? Kwa Moreland hazikuja. Filamu za Chan zilipokwisha 1949, kazi ya sinema ikamkaukia. Waliokuwa wakimcheka hawakumwita kwa jambo jingine, na waliokuwa wakimwonea aibu nao hawakumwita. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya alichocheza, hakuna aliyekuwa na karatasi nyingine mkononi ya kumpa.

Isipokuwa mara moja, na hii ndiyo inayoninyima usingizi tangu juzi. Januari 1957, New York, jukwaa la Ethel Barrymore, mchezo wa Waiting for Godot, waigizaji wote weusi. Earle Hyman, Rex Ingram, Geoffrey Holder, na Moreland akiwa Estragon, yule anayehangaika na viatu vyake huku wanamsubiri mtu asiyekuja. Mwaka mmoja kabla, nafasi hiyohiyo aliicheza Bert Lahr, unayemjua kwa yule simba mwoga wa The Wizard of Oz. Lahr alianzia Miami, ambako waliutangaza mchezo kama kichekesho cha kuvunja mbavu. Watu wakaja kumcheka simba, walipokuta wazee wawili wanasubiri tu, wengi wakaondoka kabla ya nusu ya pili. Lakini Lahr alipelekwa New York, akapewa nafasi ya pili, na huko akasifiwa sana. Moreland hakupewa hata wiki nzima. Pazia likashuka, basi.

Mimi najua kidogo kuhusu pazia kushuka. Kisa hiki umekisikia kwa mama yako, lakini yeye anakisimulia kama kichekesho, na hakuwa jukwaani.

Miaka ya sabini kikundi chetu cha kiwandani kilikuwa na utaratibu kama vikundi vingine vyote: ngoma, sarakasi, kichekesho, halafu mchezo wenyewe. Mimi nilikuwa mtu wa kichekesho, na katika kichekesho nilikuwa mlevi, mwaka hata mwaka. Watoto wa Ngamiani walinifuata barabarani wakipepesuka. Kisha ukaja mchezo wa Vita vya Maji Maji, mzee aliyepangiwa kucheza baba wa marehemu akaugua, nikaomba nafasi yake. Nikaikariri usiku na mchana. Naingia nimembeba mwanangu kifuani, kijana kutoka karakana, mzito kama gunia, kapigwa risasi huku kibuyu cha maji ya dawa kinaning'inia shingoni. Nilipanga nisitoe sauti mpaka nimlaze chini.

Nikatokeza. Ukumbi wote ukacheka.

Sikushtuka. Kicheko kina urefu wake. Kinapanda, kinashuka, unakisubiri. Nikasimama pale na maiti yangu, nikasubiri. Kikaanza kushuka kweli, kikafika mahali pa kukohoakohoa, nikafungua kinywa. Ndipo jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti: “Leo mwenzio kalewa kukushinda!”

Mwanangu, ukumbi ulianguka. Hata maiti alicheka, nililisikia tumbo lake likitikisika mikononi mwangu. Kiongozi wetu akawaingiza wapiga ngoma, tukatolewa, na yule kijana hajazikwa mpaka leo. Kesho yake kiwandani watu wananishika mkono, wananipongeza, eti jana nimewavunja mbavu. Na linaloniuma kuliko yote ni kwamba neno la yule jamaa lilikuwa zuri. Alilitoa palepale panapotakiwa, si mapema, si baadaye. Ningekuwa mimi nimekaa nyuma, ningelisema vilevile.

Nikarudi kwenye ulevi. Sikulazimishwa, nilirudi, na nilikuwa hodari, na nyumba hii ina bati kwa sababu hiyo. Tena yule mlevi ndiye aliyemfanya mama yako anitazame mara ya pili, hata kama siku hizi anakana.

Kwa hiyo wewe unauliza kuingia, mimi nafikiria kutoka. Hao wanaokuambia ukatae, rafiki zako wa huko, wasikilize, wana hoja. Lakini waulize kama wana nafasi nyingine ya kukupa Jumatatu. Na hao wanaotaka ukubali, waulize kama mlinzi wao ataruhusiwa siku moja kumlilia mtu bila ukumbi kucheka. Nilianza kuandika hapa lile ninalolitaka mimi, nikalifuta. Nikaliandika tena, nikalifuta tena. Ni kazi yako na ni sura yako itakayoonekana, na mimi baba ninayesema sana nimeapa mbele ya mama yako nisiamue. Kiapo kinanichoma ulimi, ujue hivyo.

Nitumie kwanza hizo kurasa walizokupa, nizisome mwenyewe. Nataka kuona kama kuna mahali pa kuweka ile robo ya pumzi, au wameandika lafudhi tu na kukuachia uibebe. Na hukunieleza jambo moja. Yule dereva wa Moreland, pamoja na woga wake wote, alipewa jina lake kamili, Birmingham Brown, na watu waliingia sinema wakilijua. Huyu mlinzi wako ana jina kwenye karatasi, au wameandika “mlinzi” tu?

Mama yako amepita nyuma yangu, amesoma kila kitu. Anasema kataa. Mimi sijasema.

Baba yako