Barua kwa mwanangu: Kwa nini ningemwachia Lizzie Borden

Dodoma, Kizota

Mwanangu,

Umeniandikia habari za Lizzie Borden, yule mwanamke wa Marekani ambaye wewe na wenzako hapo Mwanza mnabishana juu yake kila mchana mpaka chakula kinapoa. Swali lako lilikuwa hili: "Mama, wewe ulikuwa mzee wa baraza. Baba na mama wa kambo wamekatwa shoka ndani ya nyumba yao, mali ipo, binti yupo nyumbani, siku tatu baadaye anachoma gauni jikoni. Nani mwingine alikuwa na sababu? Wale wanaume kumi na wawili walimwachiaje?"

Jibu langu litakukera. Nadhani ni yeye. Na ningekuwa mmoja wa wale kumi na wawili, raia walioteuliwa kuamua kesi yake, ningemwachia. Subiri kwanza, usiitupe simu.

Yasiyobishaniwa ni machache. Alhamisi ya tarehe 4 Agosti 1892, mjini Fall River, jimbo la Massachusetts, mzee Andrew Borden na mkewe Abby waliuawa nyumbani kwao. Abby alikutwa chumba cha wageni ghorofani, kapigwa mapigo yapata 19. Mumewe alikutwa chini, kwenye kochi, mapigo 10 au 11. (Ule wimbo wa watoto unaotaja 40 na 41 umetia chumvi nyingi.) Emma, dada mkubwa, alikuwa mji mwingine, Fairhaven. Mjomba wao John Morse alilala hapo usiku wa kuamkia siku ile, asubuhi akatoka kwenda kusalimia ndugu. Wakabaki Lizzie, mwenye miaka 32, na mfanyakazi wa ndani, Bridget Sullivan, msichana kutoka Ayalandi. Kesi ilisikilizwa New Bedford mwezi Juni 1893, wiki mbili, na wale kumi na wawili hawakukaa zaidi ya saa moja na nusu hivi kabla ya kusema hana hatia. Hakuna mwingine aliyeshtakiwa mpaka leo.

Haya, tuje kwenye sababu yenu. Mnayo nzuri, siwanyimi. Mwaka 1887 mzee Borden alimwandikisha Abby sehemu ya nyumba aliyokuwa akiishi ndugu yake Abby, na kuanzia hapo Lizzie aliacha kumwita mama, akawa anamwita Bibi Borden kama mtu wa kupishana naye njiani. Mzee alikuwa na mali ya dola zipatazo 300,000, hela nyingi mno kwa wakati ule, na wosia haukuonekana. Tena kuna hili ambalo sijui kama wenzako wamelifikia: Abby alikufa kwanza, karibu saa tatu na nusu asubuhi, na mzee akafuata karibu saa tano. Angetangulia mzee, mjane angepata fungu lake, na yeye akifa fungu lile lingekwenda kwa ndugu zake yeye. Kwa kuwa Abby alitangulia, mali yote iliwaangukia mabinti wawili.

Hapo najua yule mwenzako wa uhasibu atapiga meza. Lakini mwambie fungu la Emma lilikuwa sawasawa na la Lizzie, na chuki ya mama wa kambo ilikuwa yao wote wawili. Kama sababu ingetosha, Emma naye angepanda kizimbani, hata kama alikuwa Fairhaven. Mnachomwondolea Emma ni mahali alipokuwa, wala hamkutazama moyo wake. Basi na Lizzie mpimeni kwa mahali alipokuwa.

Mimi hili nililiona kwa macho. Enzi zile sheria ilimlazimu jaji wa Mahakama Kuu kukaa na sisi wazee wa baraza kwenye kesi za mauaji (tangu mwaka 2022 imekuwa hiari yake). Katika kesi moja mshtakiwa alikuwa mtoto wa marehemu. Mashahidi wa mwanzo walipanda mmoja baada ya mwingine wakaeleza ugomvi wa shamba la zabibu: nani alitukana nani, mpaka ulihamishwa lini, kikao cha ukoo kilivunjikaje. Walieleza vizuri kweli, mtu unatamani kuketi na chai. Kisha jaji akamgeukia mmoja wao akamuuliza, "Wewe mwenyewe siku hiyo uliona nini?" Yule mzee akakuna kichwa: "Mheshimiwa, siku hiyo mimi nilikuwa mnadani Msalato." Chumba kizima kilicheka, na wakili wa serikali akainamia makaratasi yake.

Na tangu serikali ihamie huku, mwanangu, ukitaka kukamata watu kwa sababu utakosa mahali pa kuwaweka. Kiwanja ambacho babu alikuwa akilishia mbuzi Ihumwa au Nala leo ni bei ya nyumba. Msiba ukitokea, hata jeneza halijashushwa, wapishi wameshamjua muuaji. Lisemwalo lipo, wanasema. Kanuni ya Adhabu yetu haisemi hivyo. Inasema msukumo uliomfanya mtu atende hauna uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria yenyewe inapotamka. Upande wa mashtaka unaweza kushinda kesi ya mauaji bila kueleza kwa nini mtu aliua. Hauwezi kuishinda bila kuonyesha kwamba ni yeye.

Sasa jambo ambalo nadhani limewapoteza zaidi. Ninyi mnajua mambo ambayo wale kumi na wawili hawakuyasikia.

Mmesoma kwamba siku moja kabla ya mauaji muuza dawa mmoja, Eli Bence, alisema Lizzie alikuja kutaka asidi ya sumu kali, kwa madai ya kusafishia kanzu ya manyoya. Mahakama haikuruhusu ushahidi ule. Waliokufa walikufa kwa shoka, na matumbo yao yalipopimwa na Profesa Wood wa Harvard hayakukutwa na sumu. Mmesoma pia maelezo ya Lizzie mwenyewe kwenye uchunguzi wa awali, yale ambayo mara alikuwa jikoni baba yake aliporudi, mara ghorofani, mara kwenye ngazi. Nayo yalizuiwa, kwa sababu alihojiwa bila wakili wakati polisi tayari wanamshuku na hati ya kumkamata imeshaandaliwa. Huku kwetu ni mambo yale yale ya maelezo ya onyo, yale mshukiwa anayoyatoa polisi: yakibishaniwa kunakuwa na kesi ndogo ndani ya kesi, mlivyosikia mwaka 2021 kwenye kesi ya Mbowe na wenzake. Zikifika hizo, sisi wazee wa baraza tulitolewa nje. Tulikaa kwenye benchi la varandani tukisubiri, na tukiitwa ndani hatukuambiwa kilichosemwa. Kwa hiyo ukiniuliza walimwachiaje, kwanza yatoe hayo mawili kichwani mwako. Kesi inapungua uzito papo hapo, sivyo?

Kinachobaki ndicho ningependa mbishanie. Chukua vumbi la banda. Lizzie alisema wakati baba yake anauawa yeye alikuwa dari ya banda la uani, akitafuta vipande vya madini ya risasi vya kufungia kwenye nyuzi za kuvulia samaki. Polisi mmoja, Medley, alieleza kwamba alipanda dari ile akakuta vumbi tupu, hakuna unyayo hata mmoja. Ushahidi mtamu! Kisha upande wa utetezi ukaleta vijana wawili walioapa kwamba walipanda dari ile kabla ya Medley na kuchezacheza humo. Kama vijana wanasema kweli, vumbi la Medley halikuonyesha hata nyayo zao, basi litaonyeshaje kwamba Lizzie hakupanda?

Vumbi sisi wa Dodoma hatuhadithiwi, na Agosti ndiyo mwezi wake. Nimeingia stoo ya uwele, haijafagiliwa tangu mavuno, nikamtuma mtoto wa dada yako aingie na ndala hadi mwisho kisha atoke. Mlangoni, penye mwanga, nyayo zilionekana vizuri. Kule ndani, penye makapi na magunia, sikuona kitu. Nikawasha tochi nikasimama, sikuona. Nikapiga magoti na kulaza tochi sakafuni, ndipo alama zikajitokeza kivuli kivuli. Jaribio la bibi kizee si ushahidi, lakini tangu hapo nikisoma "hakukuwa na nyayo" nauliza alikuwa ameshika taa gani na aliinama kiasi gani.

Mashoka nayapita haraka, maana ni aibu tupu. Moja lilikutwa na nywele, watu wakashangilia, zikapimwa zikawa za ng'ombe. Jingine halikuwa na mpini, na polisi wawili waliolikuta hawakupatana mahakamani kama kipande cha mpini kilikuwemo kwenye boksi lile lile au la. Damu haikukutwa juu yake.

Gauni ndilo linalonisumbua mimi. Jumamosi jioni meya wa mji alimwambia Lizzie kwamba anashukiwa. Jumapili asubuhi rafiki yake Alice Russell akamkuta jikoni na gauni mkononi, likaenda motoni. Alisema lilichafuka rangi ya kuta. Rangi ya mafuta kweli haitoki, hata uloweke wiki. Lakini niambie wewe uliyelelewa na mimi, nani anachoma gauni kwa sababu ya rangi? Linachanwa, linakuwa tambara la kudekia. Hapo kama mwanamke nasimama upande wako. Wale kumi na wawili walikuwa wanaume peke yao, labda hawajawahi kushika tambara. Hata hivyo Emma aliapa kwamba ni yeye aliyemshauri alichome, na Alice alisema hakuliona lina damu. Polisi walikuwa wamepekua nyumba siku iliyotangulia, hawakulikuta gauni lenye damu. Basi mtu aliyepiga mapigo karibu thelathini alibaki msafi, ama alijisafisha mara mbili ndani ya asubuhi moja, na mfanyakazi yuko huko huko anaosha madirisha. Ushahidi wa kumfunga unahitaji mtu aeleze hilo, na upande wa mashtaka haukulieleza.

Kinachonifanya nimshuku bado ni muda ule kati ya vifo viwili, saa moja na nusu hivi. Nyumba ile haikuwa na korido. Chumba unakipita kwenda chumba kingine, milango inafungwa kwa funguo, mlango wa mbele una makufuli matatu. Mgeni angejificha wapi muda wote ule? Na Bridget alieleza kwamba alipokuwa akihangaika kumfungulia mzee mlango wa mbele, alimsikia Lizzie akicheka kutoka juu. Juu huko ndiko Abby alikokuwa amelala chini, ameshakufa. Hii mimi naiona nzito kuliko dola zote za mzee Borden. Ila kucheka si kuua. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishasema mwaka 1958, katika shauri la Simon Musoke, kwamba ukimhukumu mtu kwa ushahidi wa mazingira, lazima mambo yote yagome kabisa kuelezeka kwa namna nyingine yoyote ya akili. Ya Lizzie hayagomi. Yananung'unika tu.

Kama wenzako wanataka kuona ushahidi unaogoma, wasome habari ya Francisca Rojas wa Necochea, Argentina, mwaka ule ule wa 1892, wiki chache kabla ya Fall River. Watoto wake wawili waliuawa, yeye akamtaja jirani. Jirani akakamatwa, akateswa, akaendelea kukana. Kisha mkaguzi mmoja akaona mlangoni alama ya kidole yenye damu, akakata kipande kile cha mbao, kikalinganishwa kwa utaratibu uliobuniwa na Juan Vucetich. Kidole kilikuwa cha mama mwenyewe. Akakiri. Sababu nayo ilisemwa, mwanaume ambaye Francisca alitaka kuolewa naye hakutaka watoto. Lakini kilichoimaliza kesi ni mlango. Jirani, ambaye watu walishampa sababu zake, alikuwa ameshapigwa bure.

Lizzie alifariki tarehe 1 Juni 1927, na Emma akafuata siku chache baadaye. Walikuwa wameshatengana tangu 1905, Emma akahama nyumba na hakueleza hadharani kwa nini. Najua mtaliongeza hilo kwenye orodha yenu.

Mkikutana kesho, jaribuni hivi: wekeni pembeni mali na mama wa kambo, chukueni karatasi, mchore nyumba, mumfuate Bridget dirisha kwa dirisha kuanzia saa tatu. Mimi nilikwama alipopanda chumbani kwake kupumzika, kabla kidogo ya saa tano. Ukilipata jibu nipigie usiku, mchana mtandao wa huku unakatika.

Zabibu za dada yako zimeanza kuiva. Nitakutumia boksi na basi la Ijumaa, usizigawe zote ofisini.

Mama yako