Maswali na majibu: Unga wa kuchezea unanata, na mkasi unamshinda mtoto

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa miaka mitatu na nusu, namtengenezea nyumbani unga wa kuchezea, ule wa ngano na chumvi, ila kila nikitengeneza unanata mikononi. Nikiongeza unga unakuwa mgumu, unapasukapasuka, na nikiufungia kwenye kopo kesho yake nakuta umetoa maji. La pili ni mkasi. Nimemnunulia ule wa watoto lakini anaushika kwa mikono miwili kama anapunguza ua, karatasi inajikunja haikatiki, anakasirika anautupa. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mama. Maswali yako mawili mi nayaona ni moja, mbele huko utaona kwa nini, ila tuanze na unga.

Unga wako haunati kwa sababu umeweka ngano kidogo, unanata kwa sababu haujaiva. Ngano ina wanga, na wanga ukikutana na maji ya baridi unayashika juujuu tu, yale maji yanabaki huru ndo yanakupaka mikononi. Ukipata moto wa kama nyuzi 60 hadi 70 hivi, zile chembe za wanga zinavimba na kuyanywa maji, hapo donge linajishika lenyewe na kuachia sufuria. Sasa wewe ukiona linanata unaongeza unga mkavu, yaani unaongeza kitu kingine kibichi, kwa muda huo unaona limekaa sawa lakini likipoteza unyevu kidogo tu linapasuka.

Vipimo: unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta ya kupikia vijiko 2 vya chakula, maji ya limao vijiko 2 vya chakula (limao si lazima, ila linasaidia donge liwe laini). Anza na chumvi, ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke kabisa, maana punje zikibaki mtoto atazisikia zinakwaruza, na kama ana kamchubuko kidoleni atalia. Rangi ya chakula itie hapohapo kwenye maji, ukiitia mwishoni utapaka rangi mikono yako kuliko unga. Tia mafuta na limao, alafu unga kidogokidogo, sufuria ikiwa bado haijapanda jikoni, mpaka madonge yaishe.

Baada ya hapo moto mdogo, mwiko usipumzike. Mwanzoni utaona ni majimaji tu na utadhani umekosea, kisha chini panaanza kushika, unakwangua, unageuza, ghafla linakuwa donge. Hapa ndo wengi wanazima jiko, na ndo penyewe panapoharibika. Usizime. Angalia uso wake, kama bado unang'aa kimajimaji, endelea kugeuza na kukandamiza na mwiko mpaka ule mng'ao ufe na ukilibonya kidole kitoke kisafi. Epua, acha lipoe kiasi cha kushikika, likande vizuri. Bado linanata? Rudisha jikoni dakika moja, mfuko wa unga uache ulipo.

Yale maji ya kesho yake yana sababu mbili. Ya kwanza, unalifungia likiwa na vuguvugu, mvuke unapanda kwenye mfuniko na kurudi chini. Liache lipoe kabisa, hata kama ni jioni nzima. Ya pili, chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kopo lifunge vizuri, na likitoa jasho kidogo likande tu litayarudisha. Ukiona ukungu tupa lote, usikate kipande kibovu ukabakiza kingine.

Kingine, chumvi hiyo ni nyingi. Kuonja sio tatizo, ataitema mwenyewe, ila asile, na mbwa wa nyumbani asilifikie kabisa maana kwake hiyo chumvi ni sumu. Mtoto mwenye aleji ya ngano asiguse hili kabisa. Na unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuumiza tumbo, sababu nyingine ya mimi kung'ang'ania jiko. Kama unaona ya nyumbani ni duni kuliko ya dukani, ujue hata Play-Doh, ule unga maarufu wa kuchezea wa dukani, ilianza kama dawa ya kusafisha masizi kwenye karatasi za ukutani, huko Cincinnati, Marekani, watoto wa shule ya awali wakaipenda, ndo ikaingia sokoni kama toi mwaka 1956.

Haya, mkasi. Usimpe karatasi kwanza. Karatasi ya daftari ni nyembamba, inalala katikati ya visu viwili, mtu mzima mwenyewe akilegeza mkono inajikunja, sembuse mtoto ambaye vidole vyake bado havina nguvu. Mpe ule unga! Uviringishe uwe kamba nene ya unene wa kidole, akate vipande, atakata na atasikia kabisa visu vinavyopita. Kila akifungua na kufunga mkasi misuli midogo ya kiganja inafanya kazi, na donge halimkimbii. Akishazoea ndo mpe karatasi ngumu, ya boksi jembamba au kadi, ikate vipande vya upana wa sentimita 2 ili mkato mmoja uimalize, wewe ukishika upande mmoja umeuvuta. Mistari na duara achana navyo sahivi. Kwa umri wake kukata vipande tu inatosha, mstari ulionyooka wengi wanauweza karibu na miaka 4, duara baadaye zaidi.

Namna ya kushika: dole gumba tundu la juu, kidole cha kati tundu la chini, cha shahada kikae nje kikiongoza. Dole gumba liangalie juu, hapa ndo kila kitu kilipo. Mchoree kidoti cha kalamu kwenye ukucha wa dole gumba umwambie kidoti kisipotee machoni, ni rahisi kuliko kumkumbusha kila saa "geuza mkono, geuza mkono". Kiwiko akibane mbavuni, akipeperusha kiwiko mkono wote unapinduka. Mkono wa pili kazi yake ni kushika na kugeuza kitu kinachokatwa, mkasi wenyewe uelekee mbele tu. Akae chini miguu ikigusa sakafu, na mkasi autumie wewe ukiwepo.

Mara nyingine mikono miwili inamaanisha mkasi wenyewe ni mgumu, ujaribu kwa vidole vyako viwili, ukiona unakuchosha wewe basi yeye hana ubavu. Na mchunguze anapendelea mkono gani, kama ni mashoto mkasi wa kawaida utamtesa, maana mkono wa kushoto unavisukuma vile visu viachane badala ya kuvibana, karatasi inajikunja vilevile unavyosimulia. Kuna mikasi ya mashoto, mtafutie.